Je, Wizi Ungekuwa Halali Kama Usingekatazwa?

Hapa Kigoma, mtu akishasifiwa kwamba ni mcha Mungu, sifa nyingine hazihitajiki sana. Atakopeshwa bila maandishi, ataachiwa funguo za duka, na akija kuposa hataulizwa maswali mengi. Na ukitaka kumharibia mtu jina, inatosha kunong'ona kwamba hana dini. Nimekulia Ujiji ndani ya mazungumzo ya namna hiyo, na mengi yake bado nayapenda, kwa sababu nimewaona kwa macho yangu watu ambao imani imewafanya wapole, wakweli na wakarimu. Lakini humo limejificha dai moja ambalo siwezi kulikubali tena: kwamba jema ni jema kwa sababu tu limeamriwa, na kwamba ambaye hakufikiwa na amri hana njia ya kujua lipi jema na lipi baya.

Nafundisha sekondari. Katika kipindi cha uraia, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kama Mungu asingekataza wizi, wizi ungekuwa halali?" Darasa likagawanyika palepale. Wapo waliosema ndiyo, maana halali na haramu ni Zake Yeye, sisi ni nani. Wapo waliosema haiwezekani, na mmoja wao akamgeukia mwenzake: "Basi lete begi lako nilichukue, tuone kama utasubiri aya ndipo ulie." Nami nikawapa kisa.

Kisa chenyewe alikiandika mwanafalsafa Plato huko Athens zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mwalimu wake, Socrates, ameshtakiwa kwamba anaharibu vijana na haiheshimu miungu ya mji. Kesi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye kifo mwaka 399 kabla ya Kristo. Nje ya baraza anakutana na mtu aitwaye Euthyphro, naye amekuja na kesi yake: anamshtaki baba yake mzazi kwa mauaji. Kibarua wa familia alilewa, akamuua mtumwa wa nyumbani. Baba akamfunga kibarua yule mikono na miguu, akamtupa shimoni, kisha akatuma mjumbe Athens kwa wajuzi wa mambo ya dini aulize afanywe nini. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua akafa kwa njaa na baridi, kamba zikiwa bado mwilini. Ndugu zake Euthyphro wanamlaani kwa kumshtaki baba. Yeye hatetereki, kwa kuwa anaamini anajua vizuri kinachowapendeza miungu. Ndipo Socrates anamuuliza swali ambalo wanafalsafa hawajaacha kulijadili mpaka leo: jambo la uchaji hupendwa na miungu kwa sababu ni la uchaji, au huwa la uchaji kwa sababu linapendwa?

Nilidhani darasa litalivamia swali. Badala yake binti mmoja wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, kwa nini hawakumpa hata maji wakati wanasubiri hilo jibu?"

Nimesoma maelezo mengi ya kisa hiki, na mengi humpita yule kibarua haraka ili yawahi kwenye swali kubwa. Binti yule alisimama mahali penyewe. Baba wa Euthyphro hakuwa mtu asiyejali dini. Alifanya kile ambacho wengi wetu tungekiita uangalifu: alituma kuuliza kwa wenye elimu. Kosa lake ni kwamba aliacha kuangalia kilichokuwa mbele yake, kwa kuwa hukumu ilikuwa haijafika. Hakuna aliyehitaji mjumbe arudi kutoka Athens ndipo ajue kwamba mtu aliyefungwa shimoni ana kiu.

Jioni nilikwenda kwa mjomba, mdogo wake mama, ambaye amefundisha madrasa Ujiji tangu sijazaliwa. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, usidhani hilo ni swali la Wagiriki peke yao. Wanazuoni wetu waliligombania Basra na Baghdad mpaka wakatengana."

Ni kweli. Wanazuoni walioitwa Muutazila, ambao mwanzo wao ni Basra katika karne ya 8, walishikilia kwamba akili ya binadamu inaujua ubaya wa dhuluma na wa uongo bila kusubiri kuambiwa. Kadhi Abd al-Jabbar, aliyefariki mwaka 1025, aliligawa jambo hili kwa namna ambayo mimi naiona nzuri sana: ufunuo hutufundisha yale ambayo akili isingeyafikia peke yake, kama namna ya kusali na nyakati zake, lakini kwamba kumdhulumu mtu ni kubaya, hata ambaye hakufikiwa na mtume yeyote analijua. Katika Surat An-Nahl, aya ya 90, tunasoma kwamba Mwenyezi Mungu anaamrisha uadilifu na ihsani, yaani kutenda wema. Ukishika kwamba uadilifu ni kile tu alichoamrisha, basi aya itakuwa inatuambia kwamba anaamrisha anachoamrisha. Sidhani aya imeteremka kutuambia hilo.

Upande wa pili yuko Imam Abul-Hasan al-Ash'ari, ambaye mwenyewe alikuwa Muutazila mpaka alipokaribia miaka 40, kisha akawaacha. Kwake yeye hakuna kanuni iliyo juu ya Mungu inayomfunga. Alichoamrisha ndicho chema, alichokataza ndicho kibaya, na kama angeamrisha vingine mambo yangekuwa vingine. Mashafi wengi, yaani Waislamu wa madhehebu ya Imam Shafi, wa Afrika Mashariki wamelelewa katika akida hiyo, mjomba wangu akiwa mmoja wao.

Nisingependa msomaji aupite upande huu kwa dharau, kama nilivyoona wengine wakifanya. Hoja yake nzito zaidi naiona kwa Imam Ghazali, aliyeishi kati ya 1058 na 1111. Ghazali anasema: angalieni jinsi watu wanavyoita mambo mema na mabaya. Kinachowafaa wanakiita chema, kinachowaumiza wanakiita kibaya, halafu mazoea yakikomaa wanadhani ni akili ndiyo inayosema. Anatoa mfano wa mtu aliyewahi kuumwa na nyoka, ambaye akiona kamba yenye madoadoa moyo unamruka. Mjomba alipofika hapo alifurahi kama mtoto. "Si methali yetu hii? Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka!" Ghazali anatuuliza: una hakika gani kwamba huo uzito unaousikia moyoni ni sauti ya haki, na si kovu la nyoka wako wa zamani?

Nalichukua onyo hilo kwa uzito wote, na hapa Ujiji tuna sababu ya kulichukua hivyo. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa iliyokwenda Tabora na kuteremka mpaka Bagamoyo. Waliofanya biashara ile hawakuwa watu wasiosali. Walifunga, walitoa sadaka, waliandika mikataba kwa jina la Mungu, na akili zao ziliwaambia kwamba hiyo ni biashara kama biashara nyingine. Ng'ambo ya bahari, Marekani, wahubiri walisimama mimbarani wakathibitisha utumwa kwa Biblia. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Huku Tanganyika utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria mwaka 1922. Ghazali angesema: mnaona? Akili iliwatii maslahi.

Sawa. Lakini ni akili ya nani? Mtu aliyefungwa kongwa shingoni akatembezwa kutoka ng'ambo ya ziwa hakudanganyika hata siku moja. Alijua anaonewa. Na hapa ndipo hoja ya Ghazali inapowageukia wafasiri wenyewe, kwa maana anayesoma amri naye ni binadamu mwenye maslahi. Katika Surat Al-Balad tunaulizwa ni ipi njia ngumu ya mlimani, na jibu la kwanza ni kumwacha huru mtumwa. Aya hiyo ilisomwa karne baada ya karne na watu waliokuwa na watumwa uani. Amri ilikuwepo. Kilichopungua ni jicho la kumtazama aliyefungwa.

Anayedhani haya ni mambo ya vitabuni tu, aende mwaloni Kibirizi siku ya soko. Pale wamo wafanyabiashara kutoka Burundi, kutoka Kongo, wavuvi wetu, akina mama wa dagaa, Waislamu, Wakatoliki, Wapentekoste, na wengine ambao ukiwauliza dini yao watakujibu kwa kutabasamu. Mchuuzi akibonyeza kitako cha sado ili dagaa wapungue, hakuna anayeuliza aliyepunjwa ni wa dini gani. Kelele inapigwa na wote, kwa Kiswahili, Kiha na Kirundi. Qur'ani ina sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wapunjaji, na Mithali inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Lakini tazama jinsi Surat Al-Mutaffifin inavyowaeleza watu hao: wakijipimia kutoka kwa wengine hutaka kamili, wakiwapimia wengine hupunguza. Sura haiwafundishi kipimo kamili ni kipi. Wanakijua, kwa kuwa wanakidai wakiwa wanunuzi. Onyo limekuja juu ya ujuzi ambao tayari wanao.

Mwanafalsafa wa Ujerumani, Leibniz, alisema jambo mwaka 1686 ambalo kwangu lilimaliza ubishi mkubwa. Kama lolote ambalo Mungu angelitenda lingekuwa jema kwa sababu tu kalitenda, aliuliza, tunamsifu kwa lipi, ikiwa angestahili sifa ileile hata kwa kutenda kinyume chake? Nilimsomea mjomba. Alinyamaza, kisha akajibu kwamba kumsifu Mungu ni kutii, si kumpa alama kama za mtihani. Ni jibu la heshima, nami sikubishana naye jioni ile. Lakini nikisali naye, namsikia sauti yake inavyobadilika anapofika kwenye "Mwingi wa rehema". Hasemi hapo "Mwenye kufanya atakalo". Anashukuru rehema, na anajua rehema ni nini.

Shangazi yangu aliyeolewa Kasulu ni Mkatoliki, na ana jibu la tatu ambalo alilipata kwa katekista wao, na ambalo mizizi yake iko kwa Thomas Aquinas, mtawa wa karne ya 13: wema hauko juu ya Mungu kama sheria inayomtawala, wala hautokani na matakwa yake ya leo na kesho. Mungu mwenyewe ndiye wema, na akili tuliyopewa inashiriki kidogo katika sheria yake ya milele. Ndiyo maana Paulo aliwaandikia Warumi kwamba hata mataifa wasio na sheria wana matendo ya sheria yaliyoandikwa mioyoni. Jibu hili nalipenda. Halinitoi, hata hivyo, kwenye wajibu wa kutumia hiyo akili.

Na wajibu huo unakuwa mkali pale mtu anapokuja na sauti. Katika vijiji vya mkoa wetu watu wanawajua kamchape, waganga wanaozunguka wakidai wameoneshwa wachawi. Wanaingia kwa kikongwe, wanachimba chini ya kitanda, wanatoa pembe na matambara, na kuanzia siku hiyo bibi yule hana mji. Atatozwa, atafukuzwa, pengine nyumba itabomolewa huku majirani wa siku zote wamesimama kando. Bibi mmoja tuliyemfahamu kwetu aliondoka na mkeka na sufuria. Nilimuuliza jirani yake, mzee wa kanisa, kwa nini hakusema neno. Alinijibu, "Yule bwana ameoneshwa, mimi sikuoneshwa."

Nilipolisikia jibu hilo nilimkumbuka Kant, mwanafalsafa mwingine wa Ujerumani. Mwaka 1798, akizungumzia kisa cha Ibrahim kutaka kumchinja mwanawe, Kant aliandika kwamba Ibrahim alipaswa kuijibu sauti ile hivi: kwamba nisimuue mwanangu mwema, hilo nina hakika nalo, kwamba wewe unayenitokea ni Mungu, hilo sina hakika nalo. Waumini wengi huliona jibu hilo kama kufuru. Mimi naliona kama ulinzi wa jina la Mungu dhidi ya kila anayelitumia kuumiza watu.

Kierkegaard, mwanafalsafa wa Copenhagen, alikitazama kisa hichohicho mwaka 1843 akakataa kukifanya chepesi. Alisema imani ya Ibrahim ilikuwa jambo la kutetemesha, asiloweza kulieleza kwa mkewe wala kwa mtumishi, na kwamba mhubiri anayelisimulia Jumapili kwa utulivu hajalielewa. Akiamka mtu leo aseme ameamriwa vilevile, wote tutakimbia kumzuia. Hapo Kierkegaard ni mkweli kuliko wengi. Nami naongeza yaliyomo kwenye Vitabu vyetu vyenyewe. Katika Mwanzo, sura ya 18, Ibrahim huyohuyo anasimama kuwatetea watu wa Sodoma, akimuuliza Mola wake inawezekanaje Mhukumu wa ulimwengu wote asitende haki. Hakukemewa kwa kuuliza. Na katika Qur'ani, Surat As-Saffat, anamweleza mwanawe ndoto na kumuuliza waonaje. Mwana ana sauti. Bibi wa mkeka na sufuria hakuulizwa waonaje.

Kwa watu wa ukanda huu wa magharibi, mfano ulio karibu zaidi ni Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye akafundisha huko St. Mary's. Alikuwa Mkatoliki wa kusali kila alfajiri. Mwaka 1970, akiwahutubia masista wa Maryknoll huko New York, alisema kwamba tunaambiwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, naye anakataa kumfikiria Mungu aliye maskini, mjinga, mwenye hofu na aliyeonewa, kwa kuwa ndiyo hali ya wengi wa aliowaumba kwa mfano wake. Hakuanza na amri. Alianza na mtu aliyeonewa, akarudi na kipimo hicho kulihoji Kanisa lake mwenyewe alilolipenda.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni mawazo ya kigeni, Mwafrika hatenganishi dini na maadili. Kasisi na mwanafalsafa wa Kenya, John Mbiti, alianza kitabu chake maarufu cha 1969 kwa kusema kwamba Waafrika ni watu wa dini kupita kiasi, nami siwezi kumpinga nikiitazama Kigoma. Lakini Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki mwaka 2022, alionesha kwamba kwa watu wake, Waakan, jambo halihukumiwi kuwa jema kwa kuwa Mungu ameliamuru. Huhukumiwa kwa kuangalia linawafanyia nini watu. Wote wawili nawaona kwetu Buha, nchi ya Waha. Imana, yaani Mungu, anatajwa katika baraka, katika majina ya watoto, katika salamu za kuagana. Ila wazee wakikaa kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba, husikii mtu akiuliza Imana aliagiza nini kuhusu mpaka. Wanauliza nani alipanda ile migazi, na huyu mjane akinyang'anywa atakula wapi.

Je, dini basi inabaki na kazi gani? Kubwa sana, na hapa natengana na wanafalsafa wanaodhani wameshaizika. Kujua kwamba kupunja ni kubaya hakumpi mchuuzi nguvu ya kuacha kupunja siku ambayo watoto hawajala. Swala tano, kwaresima, funga ya Ramadhani, jumuiya ndogondogo za shangazi zinazokwenda kumfulia mgonjwa, hayo yanamfanya mtu aweze kile anachokijua. Na Ghazali alikuwa sahihi kwamba nafsi inajidanganya. Mtu anayejihoji kila usiku mbele ya Mola wake anajikamata mapema kuliko yule asiyejihoji mbele ya yeyote.

Limebaki jambo moja ambalo mjomba hulirudia kila tukikutana, nalo ndilo zito kuliko yote. Husimuliwa kwamba Ash'ari alimuuliza mwalimu wake, al-Jubba'i, juu ya ndugu watatu: mmoja alikufa mtu mzima akiwa mtiifu, wa pili mtu mzima akiwa muasi, wa tatu alikufa mtoto. Mtoto akilalamika, "Mola wangu, kwa nini hukuniacha nikue nikutii nami nipate daraja?" akajibiwa, "Nilijua ukikua utaasi," basi yule muasi naye atasema, "Kwa nini hukuniua mdogo?" Inasemekana al-Jubba'i alikosa la kusema. "Na wewe mwanangu," mjomba huniambia, "utampima Mungu kwa sado lako mpaka wapi?"

Simpimi. Kipimo ninachokidai ni cha yale tunayotendeana, na cha yale tunayodai kwamba Yeye ametutuma tuyatende. Watu wa ziwa wanaijua tofauti hiyo bila kusoma kitabu. Mtoto akifa kwa homa, waombolezaji tunakaa mkekani, tunasema kazi ya Mungu haina makosa, na hakuna anayebisha. Mama wa mtoto anaitikia. Lakini boti ikizama kwa kujazwa kupita kiasi, na mwenye boti akaja msibani na maneno hayohayo, hatasikilizwa. Nimeliona hilo likitokea. Mzee aliyekuwa ameongoza dua dakika chache kabla ndiye aliyemkatiza, akamuuliza mbele ya watu wote: "Ulipakia watu wangapi, na maboya yalikuwa mangapi?"